Shukrani Kabla ya Mavuno: Fundisho Kutoka Bonde la Kilombero

Katika sharika nyingi za Kanisa letu, Sikukuu ya Mavuno huadhimishwa kwa furaha kubwa. Waumini huleta mpunga, mahindi, ndizi na kuku mbele ya madhabahu, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa. Desturi hii ni njema. Lakini mkulima ambaye shamba lake limezama majini alete nini? Aweza kubaki nyumbani kwa aibu. Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba shukrani ya Kikristo haianzi kwenye kikapu cha mavuno, bali katika kuvitambua vile ambavyo Mungu ametupa tayari.

Bonde la Kilombero latusaidia kulifahamu jambo hili. Mito itokayo katika Milima ya Udzungwa na ya Mahenge hukutana humo, na maji yake ni zaidi ya nusu ya maji yote ya mto Rufiji. Wakati wa masika mto Kilombero hufurika na kuacha udongo wenye rutuba; ndiyo sababu Ifakara na vijiji vya bondeni vinasifika kwa mpunga. Lakini maji yaleyale yakizidi, huharibu mashamba na kubomoa nyumba. Mto umlishao mkulima ndio umtishao.

Basi, je, mkulima huyo ashukuru kwa ajili ya mafuriko? Katika 1 Wathesalonike 5:18, tafsiri yetu ya Kiswahili hutumia neno "kwa", na msomaji aweza kudhani kwamba Mtume anatuagiza kushukuru kwa ajili ya kila linalotupata. Lakini neno la Kiyunani ni "en", yaani "katika". Hatuagizwi kuyaita mabaya mema. Twaagizwa kwamba pasiwe na hali yoyote ambamo shukrani imekoma. Ndivyo alivyofanya Habakuki (3:17-18), aliyemfurahia Bwana huku shamba halina chakula na zizi halina mifugo.

Luther aliliweka jambo hili wazi katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, afundisha kwamba Mungu huwapa watu wote riziki hata bila maombi yetu; sisi twaomba ili tuitambue na kuipokea kwa shukrani. Tena, katika riziki hiyo ahesabu pia serikali njema, afya, amani na majirani waaminifu. Kwa hiyo tatizo letu mara nyingi si kukosa, bali ni kutotambua.

Kwa miaka mingi, aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge alivuka mto kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama. Mwaka 2018 lilizinduliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384. Leo watu huvuka bila kufikiri. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilisambazwa Kilombero na Ulanga, na watafiti walithibitisha kwamba viliokoa maisha ya watoto wadogo. Mama anayetandaza chandarua usiku ameshika karama ya Mungu mkononi, lakini ni nani aliyemfundisha kuitaja katika sala?

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Shukrani isigeuzwe kuwa kifuniko cha kinywa cha maskini. Mkulima aliyeuza mpunga wake kwa bei ya chini ungali shambani, kwa sababu ya ada ya shule, anayo haki ya kulalamika. Tusiharakishe kumtupia methali ya asante ya punda. Zaburi ya 13 huanza kwa kilio na kuishia kwa wimbo, na vyote viwili ni sala.

Mchungaji afanye nini basi? Kwanza, awazoeze waumini kushukuru kwa kutaja vitu kwa majina yake, tangu wakati wa kupanda: mvua, jirani aliyesaidia kulima, zahanati, daraja. Pili, asome Kumbukumbu la Torati 26 hadi aya ya 11. Humo Mlawi na mgeni, wasio na shamba, wanahesabiwa miongoni mwa watakaofurahi. Kwa hiyo wazee wa Kanisa wamwendee asiyevuna kabla ya sikukuu, wamwalike aje mikono mitupu, na sehemu ya mazao itengwe kwa ajili yake kabla ya mnada kuanza.

Tatu, akumbushe maana ya Ekaristi, neno litokalo katika Kiyunani lenye maana ya shukrani. Bwana wetu alishukuru usiku ule aliotolewa, mavuno ya msalaba yakiwa bado hayajaonekana. Mbele ya meza hiyo, mwenye magunia mia na aliyepoteza yote hunyoosha mikono iliyo mitupu sawasawa, nao hupokea kwanza, ndipo hushukuru.