Mhakiki Naye Aushike Ubao Wake

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Leo, wasomaji wapendwa, naomba ruhusa yenu nijigange hadharani, maana maradhi yaliyonipata si yangu peke yangu. Aghalabu humpata kila mtu ambaye kazi yake ni kuvipima vitabu vya wenziwe, ilhali naye ana jambo lake moyoni analotaka kuliandika.

Kwa muda wa miaka saba nilikuwa nikihakiki kitabu kimoja kila juma. Nilikisoma mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, nipate kujua kama kinasomeka. Mara ya pili na penseli mkononi. Na kama ni diwani, nilihesabu mizani, nikakagua vina vya kati na vya mwisho, nikatazama kama neno limewekwa kwa ajili ya maana au limebanwa tu ili kina kipatikane. Jumatano naandika, Alhamisi napeleka, na Ijumaa nikirudi msikitini nakuta kitabu kingine kinaningoja mezani. Kazi ya halali, na wala siilaumu.

Lakini nilikuwa na deni. Marehemu babangu alikuwa nahodha wa jahazi, akisafirisha boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Mombasa. Safari zake alizihifadhi mamangu kichwani: majina ya mabaharia, siku kusi lilipowazuia bandarini, na usiku ule mlingoti ulipovunjika mbele ya Kipini. Mama aliniomba nizitungie utenzi, wajukuu wapate kumjua babu yao. Nikakubali, nikanunua daftari, nikaanza.

Kila nilipokwenda kumwamkia, aliniuliza, "Mwanangu, umefika wapi?" Nami jibu langu lilikuwa moja: "Mama, nina kitabu cha watu mezani. Nikikimaliza nitaendelea." Siku moja akanitazama, akasema kwa upole, "Vitabu vya watu haviishi, mwanangu. Mimi ndimi nitakayekwisha."

Mwaka 2022 alitutoka. Baada ya arubaini nilifungua sanduku langu, nikakuta vitu viwili. Cha kwanza ni bunda la tahakiki zangu nilizozikata gazetini, zaidi ya 300. Cha pili ni lile daftari, lenye beti 41. Ubeti wa mwisho unaliacha jahazi linaikaribia Kipini, na mlingoti bado umesimama. Yuko kijana mmoja aliyepanda usiku ule kuifunga kamba, akawaokoa wenziwe. Mama alikuwa akilitaja jina lake. Mimi sikuliandika.

Nilijitetea kwamba sikuwa na wakati. Nikaja kuona kuwa utetezi huo hausimami. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na kazi ya ofisi haikumzuia kutunga. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hata 1945, una beti 3,000. Zigawe kwa siku za miaka sita ya vita, hazifiki beti mbili kwa siku. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969, akatunga gerezani kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Naye Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie bintiye wasia. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyengoja meza iwe tupu.

Kwa hakika kilichonishinda hakikuwa wakati. Kilichonishinda ni lile jicha la kukagua. Mtu akizoea kutafuta kasoro mchana kutwa, jicha hilo halilali. Nilikuwa nikiandika kipande kimoja cha ubeti, na kabla wino haujakauka nimekwisha kukihukumu, nimekikata. Fauka ya hayo, nikitoka kusoma diwani ya mtu kwa siku tatu, sauti inayonijia si yangu; ni yake.

Dawa niliikumbuka chuoni. Nilipokuwa mtoto nikisoma Kurani, kila mmoja wetu alikuwa na ubao wake, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Unaandika darasa lako, unalihifadhi, unamsomea maalim, kisha ubao unaoshwa na kuandikwa upya. Maalim hakutaka darasa kumi kwa siku moja. Alitaka moja, lakini kila siku. Na wala hakumruhusu mtu kumsahihisha mwenziwe kabla hajasoma lake. Aliyekuja na ubao uleule wa jana alionekana na kila mtu, bila kutangazwa.

Basi tangu Ramadhani ya mwaka 2023 nimejiwekea kanuni ya chuoni. Nikishasali Alfajiri naketi mkekani na daftari la utenzi, naandika beti mbili. Zikiwa nzuri, alhamdulillahi. Zikiwa mbovu, pia zinabaki. Sizikagui siku hiyo. Kitabu cha mwenzangu sikifungui mpaka jua litoke, nami huketi mezani kukisoma, si mkekani. Ijumaa baada ya sala ndipo ninapozirudia beti za juma zima kwa penseli, kana kwamba zimeletwa na mtu nisiyemjua. Zisizofaa nazifuta.

Sidai kuwa sikuteleza. Yako maradhi, ziko safari, na ziko asubuhi ambazo usingizi ulinishinda. Mwaka ulipotimia nilikuwa na beti 612, na lau ningeshika kanuni kila siku zingepindukia 700. Hata hivyo 612 si 41, na tahakiki zangu hazikupungua hata moja.

Fauka ya hayo, ziligeuka. Zamani nilikuwa nikiandika kwamba ubeti fulani "umelegea", nikapita. Sasa, kabla sijaandika neno hilo, najiuliza mtunzi alikuwa akitafuta nini pale, kwa sababu mimi mwenyewe asubuhi ile nimelegeza wangu na najua nilikwama wapi. Kosa bado naliita kosa. Ila namwonyesha mwenye kitabu njia ambayo labda ingemtoa.

Mlingoti umekwisha kuvunjika katika daftari langu, na jahazi limefika salama. Yule kijana aliyepanda kuifunga kamba nimewauliza wazee wa Kibokoni na wa Lamu, na kila mmoja ana jina lake tofauti. Kwa hiyo ndani ya utenzi nimemwita "kijana" tu. Kila nikifika hapo nasikia swali la mama, na mara hii sina kitabu cha watu cha kusingizia.

Wewe unayevipima vya wenzio, uwe mhakiki, mhariri au mwalimu mwenye lundo la insha za kusahihisha, nakuachia ubeti huu, nao ni wa asubuhi ya leo:

Nilipima za wenzangu, moja moja zikashikwa,
Zilizo moyoni mwangu, zikabaki kufunikwa,
Leo narudi kwa changu, kibao kilotundikwa,
Japo mmoja ni wangu, ubeti utaandikwa.

Wasalaam.