Majina ya Karata na Sura Zake

Watu wa pwani yetu huyaita mafungu manne ya karata kopa, uru, shupaza na pau. Mwanafunzi akituuliza maana ya majina haya, ni rahisi kumpa jibu la haraka: kopa latokana na kukopa, kwa kuwa mcheza kamari hakosi deni, na pau ni zile fito za paa la nyumba. Majibu hayo yapendeza masikioni, walakini si ya kweli. Majina yote manne yametoka katika Kireno, kama meza, leso na gereza. Na neno karata ni lilo hilo, na turufu pia. Copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, na paus ni marungu. Neno moja likitazamwa peke yake laweza kutudanganya, bali manne yakiwekwa pamoja yashuhudiana.

Hapo lazuka swali la pili. Karata zinunuliwazo dukani hazina kikombe wala upanga wala rungu. Kopa ni moyo mwekundu. Uru ni umbo jekundu la pembe nne. Shupaza ni kama jani jeusi lenye kikonyo. Pau ni majani matatu meusi. Jina na sura vimeachanaje?

Ili kujibu yatupasa kurudi nyuma. Katika jumba la Topkapı, mjini Istanbul, zimehifadhiwa karata za Wamamluki wa Misri, ambazo mtaalamu L. A. Mayer alizitangaza mwaka 1939. Jozi yao ilikuwa ya karata 52, na mafungu yake ni vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Ulaya zilijulikana karibu na mwaka 1370 na kitu. Mwaka 1377 mji wa Florence ulizipiga marufuku; na mwaka huo huo mtawa wa Kidominiko, Yohane wa Rheinfelden, aliandika kitabu kwa Kilatini akizitumia kufundisha watu maadili. Wazungu wa nchi zile hawakuujua mchezo wa polo, basi fimbo zake ziligeuka kuwa marungu.

Tangu hapo kila nchi ilichora kwa desturi yake. Waitalia huchora panga zilizopinda na kupishana. Wahispania huchora panga zilizonyoka, kila mmoja mbali na mwenziwe, na marungu yao ni kama matawi yenye vifundo. Wareno wa kale waliweka joka juu ya kila ree, yaani karata ya moja. Wajerumani walichagua moyo, jani, kengele na tunda la mwaloni. Waswisi ngao, ua, kengele na tunda la mwaloni. Mnamo mwaka 1480 Wafaransa walitokea na maumbo haya tuyajuayo sisi. Kila umbo lilikuwa la rangi moja tu, nyekundu au nyeusi, likapakwa upesi kwa kibao kilichotobolewa. Kwa hiyo karata zao zilikuwa rahisi, zikaenea ulimwenguni, hata Ureno kwenyewe.

Lakini Wareno walipozipokea hawakuyaacha majina yao ya zamani. Mpaka leo moyo mwekundu wauita kikombe, na majani matatu wayaita marungu. Na Waingereza nao huliita fungu la majani matatu kwa jina la marungu. Basi tujihadhari. Wareno waliishika ngome ya Mombasa mpaka mwaka 1698, na wengine watasema kuwa majina yetu yathibitisha kwamba wazee wetu walicheza kwa karata za vikombe na panga. Majina peke yake hayathibitishi hivyo, maana yangaliweza kuja baadaye pamoja na karata za Kifaransa. Jina latuambia lilitoka kwa nani. Halituambii lilikuja lini. Japani, ambako Wareno walifika mwaka 1543, mambo ni mengine: neno lao ni karuta, na joka la Wareno limebaki katika karata zao ziitwazo unsun. Huko neno na picha ni mashahidi wawili.

Ndiyo sababu wakusanyao karata huzipanga kwa nchi na kutazama mambo madogo: idadi ya karata, nyuso zaelekea wapi, mkono washika nini. Mfalme wa kopa wa Kiingereza aonekana kama ajichoma upanga kichwani. Katika karata za mji wa Rouen, zilizokuwa asili ya zile za Uingereza, alishika shoka. Wanakili wakalipunguza kidogo kidogo hata likapotea, ukabaki upanga. Ree ya shupaza nayo imerembwa kuliko zote, kwa sababu serikali ya Uingereza iliifanya alama ya kodi ya karata. Kodi ile ilifutwa mwaka 1960.

Basi twawasihi walimu wenzetu, kila mmoja mahali pake, wawaulize wazee na kuandika maneno ya mchezo huu kama yanavyotamkwa: ree, seti, mzungu kwa karata yenye picha ya mtu, na mengineyo. Aandike pia sura ya karata iliyo mkononi mwa msemaji. Neno lililoandikwa bila kitu chake ni nusu ya ushahidi. Na wenye kuyajua maneno haya wanapungua kila mwaka.