Mlimani Ilipokuwa Mbali na Manyoni

Wahitimu wa vyuo vikuu waliotoka Manyoni hawakumbuki chuo kimoja, hata wanapotaja jina lilelile. Aliyesoma kabla ya miaka ya 1990 huanzia simulizi yake stesheni: tranka la chuma, waranti ya serikali ya kusafiria mfukoni, behewa la daraja la tatu lililokuja limejaa tangu Kigoma na Tabora, kisha usiku mzima wa reli hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Aliyesoma baada ya 2007 huanzia stendi ya mabasi, na safari yake mara nyingi huishia Dodoma, kilomita kama 120 tu kwa lami. Kati ya safari hizo mbili maisha ya chuo nchini Tanzania yalibadilika karibu kila upande.

Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilianza kidogo mno. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London; mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Mwaka 1964 kilikuwa kimeshahamia kwenye kilima nje ya jiji, na ndipo lilipotoka jina la Mlimani, ambalo wahitimu wa zamani hulitamka kana kwamba nchi haina mlima mwingine.

Kwa kijana wa Manyoni, kufika huko kulikuwa kuchujwa mara nyingi. Shule za sekondari zilikuwa chache, na wengi walisomea bwenini Tabora, Dodoma au mbali zaidi tangu kidato cha kwanza. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 njia ilirefuka zaidi: aliyemaliza kidato cha sita alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi kwanza, ndipo akafikiriwa chuo. Ndiyo maana darasani Mlimani walikaa watu wazima, wengine wakiwa na familia nyumbani, na ndiyo maana wahitimu wa enzi hiyo huzungumzia chuo kama watu waliofika, si kama vijana waliokuwa wakikua.

Kinachotajwa zaidi katika kumbukumbu zao ni kulipiwa. Serikali iligharimia masomo, malazi, chakula na vitabu, na waranti ikamfikisha mwanafunzi chuoni na kumrudisha likizo. Kafeteria iliandaa milo ya siku nzima. Aliyemaliza hakuzunguka na bahasha ya vyeti. Alipangiwa kituo cha kazi, kwa kuwa nchi ilikuwa na wasomi wachache kuliko nafasi. Anayesema maisha yale yalikuwa mazuri hasemi uongo. Anachosahau kusema ni kwamba yalikuwa mazuri kwa wachache sana, na kwamba wenzake wengi wa darasa la saba walibaki shambani wakilipa kodi iliyopika chakula kile.

Kumbukumbu ya pili ni siasa, na hapa simulizi hunoga. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa. Rais Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kisha akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na chuo kikawa uwanja wa mijadala iliyosikika mbali. Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa bado mwalimu wa Mlimani. Yoweri Museveni alisoma hapo kuanzia 1967 hadi 1970, akiongoza kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi. Jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilidumu kwa muda mfupi tu kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1970. Kila aliyekuwepo siku hizo hukumbuka kwamba alihudhuria mihadhara ile. Kama kweli wote wangehudhuria, kumbi zisingetosha.

Kuna mambo ambayo kumbukumbu hizo huyaruka. Moja ni gazeti la ukutani lililojulikana kama Mzee Punch, lililoandikwa usiku na watu wasiojitaja na kubandikwa kwa ajili ya kumdhihaki fulani. Wengi walilicheka. Walioumizwa zaidi walikuwa wasichana, ambao walikuwa wachache chuoni. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa, na gazeti hilo likapigwa marufuku. Mhitimu mwanamume wa miaka ya 1980 anapousifu utani wa zamani, inafaa kuuliza mhitimu mwanamke wa mwaka uleule anaukumbukaje.

Mwaka huohuo wa 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa kutokana na mgomo, na enzi ya kulipiwa kila kitu ilikuwa inakaribia mwisho. Uchumi wa nchi ulikuwa umeyumba, na serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama kwa awamu. Katika mwaka wa masomo 1992/93, miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa mabegani mwa serikali ilikuwa nauli ya mwanafunzi. Mtoto wa Dar es Salaam hakuliona pengo hilo sana. Kwa kaya ya Manyoni iliyotegemea mtama, alizeti na mifugo, kukosa waranti kulimaanisha kuuza mbuzi kila muhula. Mwaka uliofuata vikafuata chakula na malazi, ambavyo mwanafunzi alianza kuvilipia kwa mkopo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Hapo ndipo bumu, yaani fedha ya kujikimu, ilipokuwa mhimili wa maisha ya chuo. Siku ya kusaini bumu, foleni. Wiki ya bumu, kuku na nguo mpya. Bumu likikata, wali maharage na kukopa kwa mama ntilie. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku katika mwaka wa 2022/23, kutoka 8,500. Lugha ya chuo nayo ilikua humohumo: kusoma usiku kucha ni kupiga msuli, karatasi zilizorudufiwa ni madesa, kurudia mtihani ni sapu, na anayefukuzwa kwa kufeli amedisko. Asiyepata chumba hubebwa, maana yake hulala kitanda kimoja na rafiki bila uongozi kujua. Kubebana kulizaliwa na hesabu rahisi: wanafunzi waliongezeka, vitanda havikuongezeka. Hata mabweni yaliyozinduliwa Mlimani Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza 3,840, hayakuumaliza uhaba huo.

Kwa Manyoni badiliko kubwa lilikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2007, katika eneo la Chimwaga, kikiwa kimekusudiwa kufikia wanafunzi 40,000. Wakati huohuo shule za kata, zilizoenea chini ya mpango wa sekondari wa 2004 hadi 2009, zilikuwa zikizalisha waombaji. Ghafla chuo kikawa mahali pa kwenda Jumapili jioni na kurudi Ijumaa kwenye msiba. Mwanafunzi hatenganishwi na nyumbani: unga wa mtama unatumwa kwa basi, simu inaita wakati wowote. Mlimani ya zamani ilimng'oa mtu kwao na kumpandikiza kwingine. Chimwaga humwacha na mguu mmoja kijijini.

Wanasaikolojia wameona kwamba watu wazima hukumbuka vizuri zaidi mambo ya ujana wao, hasa ya kati ya miaka 15 na 25. Kwa hiyo aliyeishi kwa bumu naye ana hamu yake. Huvikumbuka vimbweta vya zege alivyosomea chini ya miti, geto walilopanga watu wanne, na basi lililosubiriwa kwenda ndaki nyingine juani. Kundi lao la WhatsApp hubeba michango ya harusi na misiba kama wazee wao walivyoandikiana barua. Tofauti iko kwenye hati ya mshahara: tangu 2016 makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara badala ya 8, na kila mwisho wa mwezi chuo humkumbuka mhitimu hata asipokikumbuka.

Treni nayo imerudi katika habari. Reli ya kisasa ilianza kupeleka abiria Dodoma katikati ya 2024, na kipande kutoka Makutupora, kituo kilichomo wilayani Manyoni, kwenda Tabora kilitiwa saini Desemba 2021. Safari iliyomaliza usiku mzima itakuwa ya saa chache, na nauli yake italipwa na msafiri mwenyewe.