Jina ambalo mwalimu anamupa mutoto

Jina moja laweza kufunga njia ya mutoto. Mwaka wa 1948, Leta ya Wabeleji iligawanya masomo ya misioni iliyoyasaidia: kisha miaka 2 ya kwanza, watoto wachache walichaguliwa kwa kalasi zinazoelekea masomo makubwa, wengine wote wakaitwa watoto wa kalasi za kawaida. Mugawanyo ule umekwisha, lakini desturi yake ingali ndani yetu.

Tutazame namna inavyotenda. Mutoto wa Punia anafika na Kikumu mdomoni, anakosa neno la Kifaransa. Tunamuita mujinga. Tangu siku ile tunamuuliza mara chache, hatumungojei ajibu. Yeye anaona, ananyamaza, anaacha kujaribu. Mwisho tunasema: «Tulijua.» Kumbe tumevuna tulichopanda.

Mwaka wa 1968, Rosenthal na Jacobson wa Marekani waliandika namna walivyowaambia walimu kwamba watoto fulani wataendelea sana. Waliwachagua kwa kura tu; lakini katika kalasi za chini wakaendelea kuliko wenzao. Wataalamu wengine walibishia vipimo vyao. Lakini onyo linabaki.

Basi, kosa tuliandike katika kaye, tusiliandike juu ya mutoto.