Sura ya 7: Mtandao wa Chuo Unaishia Wapi?

Kutoka Shelly Beach, Likoni, unaziona meli zikiingia bandari ya Kilindini moja baada ya nyingine, karibu na ufuo kiasi kwamba maandishi ya ubavuni yanasomeka. Kilicho chini ya maji hukioni. Kwenye sakafu ya bahari nje ya Mombasa zimelazwa nyaya za faiba zinazoiunganisha Kenya na dunia: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, LION2 tangu 2012, na nyingine zilizofuata. Mhadhiri wa Nairobi akiandikia mwenzake wa ng'ambo, au mtafiti wa Eldoret akipakua makala kutoka maktaba ya Uingereza, ujumbe wao hutegemea mlango huu wa bahari.

Mtu angedhani kwamba anayekaa karibu na nyaya hizo ndiye mwenye mtandao mzuri kuliko wote. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba Likoni anajua kwamba sivyo. Bando likiisha saa nne usiku, kazi ya kesho asubuhi haitumwi, hata kama waya unaobeba data ya mataifa umepita kilomita chache tu kutoka kitandani pake. Ili tuelewe imekuwaje, tufuate safari ya huduma za kompyuta katika vyuo vikuu vyetu tangu mwanzo. Kila hatua ya safari hiyo imekuwa jibu la swali moja: huduma imsogelee mwanafunzi kwa kiasi gani, na gharama ya kuisogeza abebe nani?

Kompyuta moja kwa chuo kizima

Katika miaka ya 1970, kompyuta ya chuo ilikuwa chumba. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichosimama chenyewe mwaka 1970 baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanyika, kiliweka kompyuta kubwa ya kampuni ya Uingereza ya ICL katika eneo la Chiromo. Mashine za namna hiyo zilihitaji ubaridi saa zote, umeme usioyumba na wahudumu wake maalumu. Mwanafunzi hakuigusa.

Alichogusa ni kadi. Aliandika programu yake kwa mkono, kisha ikapigwa kwenye kadi ngumu za karatasi, mstari mmoja kadi moja, kila herufi ikiwakilishwa na matundu. Kadi zilifungwa kwa mpira na kukabidhiwa dirishani. Mhudumu alizikusanya za watu wengi akazilisha mashine kwa zamu, na majibu yakatoka yamechapwa kwenye karatasi ndefu. Mkato mmoja ukikosewa, mwanafunzi alirudishiwa karatasi yenye ujumbe wa kosa, akaanza foleni upya. Utaratibu huo uliwafunza wengi umakini, lakini pia uliamua nani anafaa kuwa mtu wa kompyuta: aliye karibu na dirisha, na mwenye muda wa kusubiri.

Jirani zetu walipita njia ngumu zaidi. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu, baada ya serikali kupata hasara na usumbufu katika kuweka hesabu zake kwenye mashine. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililea taaluma hii katika mazingira ambamo kupata mashine tu kulikuwa vita.

Barua zinazosafiri kwa simu

Kompyuta ndogo za mezani zilipofika katika miaka ya 1980, chumba kimoja kiligawanyika kikawa maabara. Idara moja ikawa na mashine kumi, nyingine mbili, nyingine haina hata moja. Hazikuunganishwa. Faili ilihama kutoka ofisi hadi ofisi ikiwa ndani ya diski, mfukoni mwa mtu.

Muunganisho wa kwanza na dunia haukuwa intaneti tunayoijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charles Musisi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha kituo cha barua pepe kwa teknolojia ya FidoNet. Nairobi nako, mashirika ya mazingira yalikuwa na kituo kama hicho kilichounganishwa na GreenNet ya London. Utaratibu wake ni rahisi kuufuata. Mtu aliandika barua zake mchana bila kuunganishwa na chochote. Barua zote zikakusanywa kwenye kompyuta moja na kubanwa ziwe ndogo. Kisha modemu ilipiga simu ya kimataifa, mara nyingi usiku bei inaposhuka, ikamwaga mzigo wa kutoka na kupokea wa kuingia, ikakata. Kila dakika ilikuwa pesa, basi hata taarifa ya mkutano wa kisayansi ilifupishwa ienee katika aya tatu.

Teknolojia hii ilivumilia simu mbovu. Laini ikikatika katikati, kituo kilijaribu tena. Waliojenga mifumo ile walitambua jambo ambalo wabunifu wengi wa leo wamelisahau: mahali ambapo muunganisho ni ghali na haukawii kukatika, programu nzuri ni ile inayomruhusu mtu kufanya kazi bila kuunganishwa, kisha itume yote kwa mkupuo.

Setilaiti

Intaneti kamili ilifika Kenya mwaka 1995. Vyuo vilivyoimudu viliipata kwa setilaiti, na mwaka 1998 shirika la simu la taifa lilizindua Jambonet, lango ambalo watoa huduma wote walilazimika kulipitia kwenda nje. Ukiritimba huo, uliorithiwa na Telkom Kenya, ulidumu hadi 2004. Bei ilikuwa kali kiasi kwamba chuo chenye maelfu ya wanafunzi kiligawana kiasi cha data ambacho leo nyumba moja ya kupanga ingekiona kidogo.

Bei haikuwa tatizo pekee. Setilaiti za aina ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la kufungua ukurasa hupanda huko, hushuka upande wa pili wa dunia, na jibu hurudi kwa njia ile ile. Hizo ni kilomita 144,000, na hata kwa kasi ya mwanga zinachukua karibu nusu sekunde. Waya wa TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, una urefu wa kilomita 5,000 hivi. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi huchukua sehemu ya ishirini ya sekunde.

Hapa kuna mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. Anayevuka Likoni anaijua tofauti yake kwa feri. Sitaha ikiwa pana, watu wengi zaidi huvuka kwa safari moja, lakini upana wa sitaha haufupishi safari yenyewe. Kadhalika chuo kingeweza kununua nafasi kubwa zaidi kwenye setilaiti na bado mazungumzo ya video yakakwamakwama, kwa kuwa umbali ulibaki ule ule.

Kulikuwa na hasara nyingine. Barua kutoka chuo kimoja cha Nairobi kwenda kingine cha Nairobi ingeweza kupanda setilaiti, kwenda Marekani na kurudi, kwa sababu watoa huduma wao hawakukutana nchini. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilifunguliwa Novemba 2000 kuondoa mzunguko huo, kikafungwa wiki chache baadaye kufuatia malalamiko ya Telkom, na kikarudi kazini mwaka 2002.

Vyuo vinashikana mikono

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la utawala. Mwaka 1999 vyuo vikuu vya Kenya viliunda KENET, mtandao wa elimu unaomilikiwa na vyuo vyenyewe. Badala ya kila chuo kwenda sokoni peke yake, vyote vilinunua kwa jumla, vikagawana mitambo na wahandisi. Katika 2005 na 2006 mitandao ya namna hiyo ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini iliasisi UbuntuNet Alliance, ili vyuo vya Afrika vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe bila kupitia Ulaya.

Pwani ilikuwa na sababu zake za kuungana. Chuo cha Tudor, Mombasa, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikiitwa MIOME, chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jumuiya ya Mabohora. Kikawa taasisi ya ufundi mwaka 1966, Mombasa Polytechnic mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, kisha Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nacho kilipata hati yake mwaka huo. Vyuo vichanga vya namna hii, mbali na Nairobi, visingeweza kujenga vyote peke yao.

Matunda ya umoja huo yanaonekana katika kitu kidogo kiitwacho eduroam. Mwanafunzi wa chuo cha Pwani akiingia chuo cha Nairobi, Kampala au Berlin chenye huduma hiyo, simu yake hushika mtandao bila kuomba nenosiri jipya. Chuo mwenyeji hakimjui. Kinatazama sehemu ya mwisho ya anwani yake na kupeleka ombi, likiwa limefungwa kwa siri, hadi seva ya chuo chake. Chuo chake kikijibu kwamba ni wetu, mlango unafunguka. Nenosiri halionwi na mwenyeji. Hilo linawezekana tu pale vyuo vinapokubali kuaminiana.

Nyaya na nanga

Waya wa TEAMS ulifika Mombasa Juni 2009, na Julai mwaka huo SEACOM ikaanza kazi. Bei ya jumla ilishuka sana katika miaka iliyofuata, na kwa mradi wa Benki ya Dunia serikali ilivisaidia vyuo kulipia nafasi kwenye nyaya hizo. Mombasa haikuwa ngeni kwa mambo haya, kwani waya wa simu za maandishi kutoka Zanzibar uliifikia mwaka 1890.

Hata hivyo, waya kutua Mombasa hakukumaanisha chuo cha Mombasa kimeunganishwa papo hapo. Nyaya huingia kwenye kituo cha kutulia, na kutoka hapo njia kuu huelekea Nairobi, kwenye wateja wengi na mitambo mikubwa. Ombi la mwanafunzi wa Tudor liliweza kupanda Nairobi kisha kuteremka tena baharini.

Februari 2012 ilionyesha udhaifu mwingine. EASSy ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, na mzigo mkubwa umehamishiwa TEAMS. Siku chache baadaye meli iliyosubiri kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga mahali palipokatazwa na kuukata waya wa TEAMS. Huduma ilizorota kwa wiki kadhaa. Mwaka 2024 yalijirudia: Februari nyaya zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei 12 EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini. Tangu hapo mtandao wa chuo hauwezi kuhesabiwa imara kwa kuwa na waya mnene. Uimara wake hupimwa kwa idadi ya njia zisizopita mahali pamoja.

Chuo kinahamia kwenye simu

Wakati vyuo vikishughulika na faiba, wanafunzi walikuwa wamehama. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kulipa karo kukatoka benki kukaingia kwenye simu. Kusajili masomo, kuona matokeo, kuomba chumba na mkopo vyote vikahamia mtandaoni. Wasiokuwa na kompyuta walikwenda saiba, kisha simu ikachukua sehemu kubwa ya kazi ya saiba.

Machi 2020 serikali ilifunga vyuo kwa sababu ya korona, na kwa usiku mmoja ukuta wa chuo ukatoweka. KENET iliweka mitambo ya madarasa ya video kwenye seva zilizo Kenya na kupatana na kampuni za simu juu ya bando nafuu za wanafunzi. Lilikuwa jambo jema. Lakini lilifichua kwamba faiba iliyolipiwa kwa fedha za umma ilikuwa ikiishia langoni mwa chuo, na kutoka hapo hadi Shelly Beach mwanafunzi alijilipia kila megabaiti.

Hapo ndipo tulipo. Dharura ya korona imepita, lakini masomo ya mtandaoni yamebaki, na mzigo wa hatua ya mwisho bado uko juu ya anayeumudu kidogo kuliko wote. Kinachotakiwa kinajulikana na kinawezekana. Kurasa za chuo ziwe nyepesi zifunguke kwenye simu ya bei ndogo. Mihadhara ipakuliwe chuoni kwa bure na kutazamwa nyumbani bila muunganisho, na kazi iandikwe nje ya mtandao itumwe baadaye, kama barua za Makerere. Vyuo viendelee kupatana na kampuni za simu kwa pamoja, ili tovuti za masomo zisile bando. Maktaba za kaunti na kumbi za jamii za Likoni, Kisauni na Changamwe ziunganishwe na eduroam, ili mwanafunzi apate mtandao wa chuo bila kuvuka bahari. Kila hatua ya historia hii ilifanikiwa pale vyuo vilipoacha kumwachia mtu mmoja gharama ya umbali. Hatua hii iliyobaki nayo inastahili kubebwa vivyo hivyo.