Chumvi Isiyoingia Chunguni

Mama wa Katwe anaweza kushinda asubuhi nzima ndani ya chumvi, miguu imezama hadi magotini, kisha akirudi nyumbani kupika akapitia dukani kununua chumvi. Mgeni aliyekuja kutazama ziwa hukiona kama kichekesho, mvuvi kununua samaki. Kwa jicho la lishe, mama huyo amepatia. Ninayemhofia ni jirani yake, anayechota kiganja cha chumvi ya jarubani na kukitia kwenye mboga kwa sababu ni ya bure, ni ya hapa, na nyanya yake alipika hivyo hivyo.

Ziwa Katwe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, ni shimo la volkeno lililojaa maji yasiyo na pa kutokea. Liko kaskazini mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na katikati ya maziwa hayo pana ukanda mwembamba wa ardhi ambapo mji umejibanza. Upande mmoja kuna maji matamu, ngege na viboko. Upande wa pili kuna maji ambamo samaki hawezi kuishi. Chemchemi huleta madini, jua la bonde la ufa hukausha maji, chumvi hubaki. Imevunwa hapa kwa karne nyingi. Falme za Bunyoro, Toro na Nkore ziliigombania, na afisa Mwingereza Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga ngome papo hapo, maana aliyeshika chumvi alishika biashara ya nchi nzima ya pembeni.

Kazi imegawanyika. Wanaume huingia katikati ya ziwa na vyuma, wakabomoa tabaka gumu la chini na kulisukuma ufukweni juu ya magogo. Hiyo ndiyo chumvi ya mawe, ambayo sehemu kubwa huishia kulambwa na ng'ombe. Majaruba ya pembezoni, yaliyotengwa kwa kuta za udongo, miti na nyasi, ndiyo yenye wanawake wengi. Wapo wenye majaruba yao, wapo wanaofanya kibarua kwenye ya wengine. Kiangazi kikikaza, gamba jeupe hujitandaza juu ya maji, nao hulikusanya kwa mikono, hulisuuza kwa maji yale yale ya ziwa na kulirundika likauke.

Ukitaka kuelewa bajeti ya nyumba ya Katwe, usianze na mshahara, anza na mawingu. Mvua ikinyesha, jaruba hujaa, gamba huyeyuka, na kazi ya wiki kadhaa hurudi kuwa maji. Magharibi mwa Uganda mvua huja mara mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Muhula wa tatu wa shule hufunguliwa Septemba. Mama aliyeuza vizuri Julai na Agosti hulipa karo bila kelele; aliyenyeshewa mapema hukopa. Ndiyo maana sipendi kuwasikia wataalamu wenzangu wa lishe wakimhubiria juu ya mlo kamili bila kumuuliza ni mwezi gani.

Siku yake huanza kabla ya jua kwa sababu za mwili zaidi ya bidii. Kufikia saa tano maji ya jarubani yamepata moto, mwanga unarudi machoni kutoka kwenye weupe wa chumvi, na mkwaruzo mdogo wa mguu unawaka kama umepakwa pilipili. Chumvi kali huvuta maji kutoka kwenye ngozi, ngozi hukauka na kupasuka, na mipasuko hiyo ndiyo mlango wa vijidudu. Kusuuza miguu kwa maji matamu mara atokapo na kupaka mafuta mazito kabla ya kuingia husaidia kweli, ila maji matamu nayo ni kazi. Yanachotwa au kununuliwa kwa jerikani, na jerikani ile ile inasubiriwa na sufuria, na nguo za shule, na mtoto wa kuogeshwa. Kuni pia si za kuokota ovyo, kwa kuwa mji umezungukwa na hifadhi.

Nimetaja haya ili tusisahau nani tunayemwambia atenge pesa ya chumvi.

Chumvi ya Katwe si kitu kimoja. Wanajiolojia wanaoichambua hukuta ndani yake chumvi ya kawaida tunayoijua mezani, pamoja na jamaa za magadi na salfeti. Umagadi huo mapishi yetu yanaufahamu. Maharage magumu yakitiwa magadi hulainika upesi, kwa kuwa magadi huyeyusha gundi inayoshikanisha chembe za mmea. Mama huokoa kuni. Lakini magadi hayo hayo huharibu vitamini B1, ambayo maharage yanayo ya kutosha. Kwa familia inayokula maharage na ugali wa muhogo karibu kila siku, hasara hiyo si ndogo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji hufanya kazi karibu ile ile.

Kasoro kubwa ya chumvi hii lakini iko katika kile isichokuwa nacho: madini joto, yaani iodini. Mwili unahitaji kiasi kidogo mno. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Tezi ya shingoni huyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili, na kwa mtoto aliye tumboni, homoni hizo ndizo zinazosimamia ujenzi wa ubongo. Katika wiki za mwanzo tezi ya mtoto haijaanza kazi. Anategemea ya mama yake peke yake. Wakati huo wanawake wengi bado hawajajua kwamba wana mimba. Upungufu ukiwa mkubwa, mimba huharibika, au mtoto huzaliwa na ubongo uliodumaa na pengine kiziwi. Ukiwa wa wastani hauonekani kwa macho: mtoto anacheza, anacheka, anaenda shule, ila masomo yanamshinda zaidi kidogo kuliko yalivyopaswa kumshinda.

Kwa nini upungufu uwe hapa? Madini joto mengi ya dunia yako baharini. Kwenye milima, mvua ya maelfu ya miaka imeyasafisha kutoka kwenye udongo, na kinachooteshwa kwenye udongo huo hukua bila kuwa nayo. Miteremko ya Rwenzori, kuanzia Kilembe hadi Bwera, ni nchi ya namna hiyo. Ngege wa Ziwa Edward ni protini safi, lakini samaki wa maji matamu hawana madini joto ya kutosha kama wenzao wa bahari. Na hata chumvi ya bahari, ambayo wengi hudhani inayo kiasili, hubakiwa na kidogo sana ikishakauka. Yale yaliyomo kwenye pakiti yametiwa kiwandani.

Tena kuna muhogo. Jirani zetu wa Kongo walitoa fundisho ambalo vitabu vya tiba vinalitumia hadi leo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, daktari Mbelgiji François Delange na wenzake walichunguza rovu miaka ya 1960. Walikuta jambo la ajabu: sehemu mbili za kisiwa zilikuwa na upungufu wa madini joto unaolingana, lakini rovu lilijaa upande wa kaskazini na kupungua upande mwingine. Tofauti ilikuwa muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sumu ya sianidi, mwili huigeuza kuwa tiosianeti, na hiyo huziba njia ambayo tezi huvutia madini joto. Mwenye madini ya kutosha haumii sana. Mwenye upungufu hupigwa mara mbili.

Wakonzo wa miteremko hii hula obundu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sisemi waache, na sidhani wangenisikia. Muhogo mchungu uliolowekwa siku kadhaa mpaka ukalainika, ukaanikwa juani ndipo ukasagwa, hupoteza sehemu kubwa ya sumu. Sombe iliyotwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko ni salama zaidi. Wazee wanalijua hili kuliko mimi. Hatari huja wakati wa haraka: njaa, vita vya ng'ambo ya mpaka, familia imekimbia na muhogo umeng'olewa leo na kuliwa kesho.

Sasa hesabu ya pakiti. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ikiliwa gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, inampa mtu maikrogramu 150. Ndiyo haja ya mtu mzima, kamili. Gramu tano hizo hizo ndizo kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka ili shinikizo la damu lisipande. Kwa hiyo anayetaka madini joto zaidi asiongeze chumvi. Ahakikishe kila punje anayokula ni ya pakiti. Kijiko cha chumvi ya jarubani kinachukua nafasi ya kijiko ambacho kingebeba madini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahitaji chumvi katika uji wake; madini joto yake ameshayapata katika maziwa ya mama, ikiwa mama mwenyewe anayo.

Madini haya hupungua kwa unyevu, jua na moto. Pakiti iliyofunguliwa ihamishiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, na chumvi itiwe mboga ikikaribia kuiva.

Uganda haina bahari, na sehemu kubwa ya chumvi ya mezani huja kutoka Kenya ikiwa tayari imetiwa madini. Nyumba nyingi nchini zimeshazoea, na rovu limepungua sana tangu sheria ilipoanza kudai hivyo miaka ya 1990. Palipobaki mwanya ni pale chumvi ghafi ilipo jirani. Si Katwe tu. Tanzania nayo, tafiti za afya zimeonyesha mara kwa mara kwamba Pemba, Lindi na Mtwara ndiko chumvi yenye madini joto ilikoingia majikoni kwa shida, kwa sababu ndiko majaruba yaliko. Anayeishi mbali na chumvi hana hila, ananunua ya dukani. Anayeishi kando yake anauziwa kwa kikombe, kwa bei ambayo pakiti haiwezi kushindana nayo. Magunia ya Katwe hufika magulio ya Bwera na Mpondwe, na kutoka hapo huvuka kuelekea Kasindi na Beni.

Mtu atauliza kwa nini wasiitie madini hapo hapo ziwani. Serikali ilijaribu njia ya kiwanda kikubwa, kilichojengwa na Wajerumani miaka ya 1970. Maji ya ziwa yaliyatafuna mabomba, kiwanda kikasimama muda mfupi tu baada ya kuanza, na kutu yake ingali inaonekana kutoka majarubani. Kwa mzalishaji mdogo kikwazo ni kingine. Chumvi yenye maji na uchafu haishiki madini joto. Dawa huteremkia chini ya gunia, au hupotea kabla ya kufika sokoni. Lazima kwanza chumvi isuuzwe, ikaushwe, isagwe, ndipo inyunyiziwe. Pwani ya Tanzania wazalishaji wadogo hunyunyizia kwa bomba la mgongoni, na inawezekana, ila kipimo hucheza kutoka gunia hadi gunia pasipo mtu wa kukagua. Kwa maoni yangu gharama hiyo isiachwe kwa mwanamke mwenye jaruba moja. Chumvi yake ina soko halali kwa wafugaji na kwa wakaushaji wa ngozi, na ni heri aiuze huko kwa bei nzuri.

Jambo moja zaidi kwa wajawazito, maana kliniki hulipita haraka. Vidonge vya kawaida vya kuongeza damu vina madini ya chuma na foliki. Madini joto hayamo. Mama anayemeza kidonge kila siku na kupika kwa chumvi ya jarubani bado ana upungufu ule ule aliokuja nao, na muuguzi hatajua asipomuuliza nyumbani kwake wanapikia chumvi gani.