Saruji Si Gundi: Maandalizi ya Mfupa na Uthabiti wa Goti Bandia la Upande Mmoja

Ugonjwa wa kusagika kwa viungo hauliharibu goti lote kwa wakati mmoja. Kwa baadhi ya wagonjwa, gegedu huisha upande wa ndani pekee, huku upande wa nje na kano zikibaki nzima. Hao huweza kubadilishiwa upande ulioharibika tu, kama alivyofanya daktari John Goodfellow wa Oxford, Uingereza, kuanzia mwaka 1982, kwa goti bandia alilolibuni pamoja na mhandisi John O'Connor.

Kwa kawaida vipande vya goti hilo hushikizwa kwa saruji ya akriliki. Saruji hiyo si gundi. Hushika kwa kupenya katika vitundu vya mfupa na kugandia humo, kama lipu inavyoshika ukuta uliotinduliwa. Vitundu vikijaa damu na mafuta, saruji hubaki juujuu.

Kwa hiyo, baada ya mfupa wa muundi kukatwa, huoshwa kwa maji ya chumvi yanayorushwa kwa mipigo yenye nguvu. Njia hii husafisha vitundu kuliko bomba la sindano la kawaida. Mahali mfupa ulipokomaa na kuwa mgumu, hutobolewa matundu madogo kwa keekee. Kisha uso wake hukaushwa na saruji hushindiliwa, lengo likiwa ipenye takriban milimita 3 hadi 5. Kipande hushikiliwa bila kutikisika mpaka saruji igande. Wauguzi wakumbuke kuwa joto la chumba huiharakisha.

Msumeno nao una hatari yake: mkato wa wima ukizidi kina, muundi huweza kuvunjika baadaye.

Miezi kadhaa baada ya upasuaji, picha ya eksirei huweza kuonyesha mstari mwembamba chini ya kipande cha muundi. Mstari usiozidi milimita 2, wenye kingo zilizo wazi na usiopanuka, mara nyingi si dalili ya kulegea. Kumpasua mgonjwa upya kwa sababu hiyo pekee ni kumwongezea madhara. Lakini mstari ukipanuka, kipande kikihama, au goti likivimba na maumivu kuzidi, uchunguzi usicheleweshwe, ukiwamo wa maambukizi. Mgonjwa atunze picha zake zote, kwani kulinganisha ya zamani na ya sasa ndiko kunakoonyesha kama kuna badiliko.